Mfugaji wa Mbwa Hamalizi Shule

Mhariri wetu ameniandikia barua akinitaka niwaeleze wasomaji wa gazeti hili kazi ninayoifanya tangu nilipoondoka shuleni. Wenzangu wa zamani wamekwisha kuandika juu ya udaktari, uhandisi na sheria. Mimi kazi yangu ni kuzalisha mbwa. Najua wengine mtacheka, kwa maana katika lugha yetu mtu akimwita mwenzake mbwa hamsifu. Chekeni kwanza, kisha msome. Jambo ninalotaka kulieleza lawahusu hata wale ambao hawatafuga mbwa maisha yao yote.

Siku nilipofanya mtihani wa mwisho niligawa madaftari yangu kwa vijana walionifuata, nikaapa kwamba sitafungua tena kitabu cha elimu ya viumbe. Nilidhani kusoma kumekwisha, na sasa kumebaki kufanya kazi. Leo nina mvi kichwani, na madaftari yaliyo mezani pangu ni mengi kuliko yale niliyoyagawa. Nataka kueleza kwa nini imekuwa hivyo.

KAZI YENYEWE

Watu wengi hudhani kuzalisha mbwa ni kumweka dume na jike katika banda moja na kungoja siku 63. Mbwa wa mitaani hufanya hivyo kila mwaka bila msaada wa mtu. Kazi ya mfugaji ni kuchagua: dume yupi, jike yupi, wakati gani, na watoto waende kwa nani. Akichagua vizuri, mwenye nyumba atapata mlinzi mwenye afya na akili kwa miaka 10 au zaidi. Akichagua vibaya, mwenye nyumba atapata mgonjwa wa kuuguza, au mnyama mwoga anayeng'ata watoto.

Sasa tazameni tofauti ya kazi hii na kazi nyingine. Seremala akiunga kiti vibaya, kiti huyumba siku ile ile, naye huona aibu papo hapo. Kosa la mfugaji wa mbwa halijitokezi upesi hivyo. Mtoto wa mbwa huuzwa akiwa na wiki 8, mnene, macho yanang'aa. Magonjwa mengine ya kurithi humtokea akiwa na mwaka mmoja, na mengine akiwa na miaka 5. Siku hiyo ikifika, mama yake amekwisha kuzaa mara nyingine, na ndugu zake nao wana watoto. Basi mfugaji anayengoja kufundishwa na makosa yake mwenyewe hujifunza akiwa amechelewa, tena ada ya masomo hayo hulipwa na watu wengine.

DENI LANGU

Nilianza na mbwa wa Kijerumani, wale wakubwa wenye rangi nyeusi na hudhurungi ambao polisi hupenda kuwatumia. Bwana aliyeniuzia jike wangu wa kwanza alinipa somo moja: ukitaka damu isichafuke, mpandishe binti kwa baba yake. Nililishika somo hilo kama mtoto anavyoishika hesabu ya mbili mara mbili. Miaka mitatu baadaye nilifanya vile vile nilivyoambiwa. Wakazaliwa watoto 7 wazuri ajabu, wote wa rangi moja, na majirani wakaja kuwatazama. Mmoja nilimwuzia rafiki yangu ambaye tulikaa naye bweni moja hapa shuleni. Hakuomba kupunguziwa bei, kwa sababu aliniamini.

Mbwa yule alipofika miezi 10 alianza kuinuka kwa shida asubuhi. Akikimbia, alirusha miguu yake miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Rafiki yangu aliniita, tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akapigwa picha ya eksirei. Daktari akaiinua picha mbele ya taa, akatuonyesha. Kichwa cha mfupa wa paja yapasa kikae ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu. Hapa kinu kilikuwa hakina kina, ni kama kisahani, na mchi ukiteleza nje kwa kila hatua.

"Baba yake alipata kupigwa picha kama hii?" daktari aliniuliza.

"Hapana."

"Na mama yake?"

"Hapana."

"Hao wawili wana udugu gani?"

Nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Somo ulilopewa lilikuwa limekwisha kupitwa hata siku ile ulipopewa."

Rafiki yangu alinyamaza njia nzima. Tulipofika kwake nikamwambia kwamba nitamrudishia fedha zake. Akasema, "Fedha kaa nazo. Lakini wanangu ndio wanaomwinua kila asubuhi, na mdogo ananiuliza ni nani aliyemvunja."

Ndugu wasomaji, sikuwa mwizi wala mwongo. Nilikuwa mtu aliyejifunza mara moja akaacha. Laiti ningaliuliza, ningalijua kwamba ubovu wa nyonga hauonekani kwa macho kwa wazazi wote walio nao. Hauletwi na chembe moja ya urithi bali na nyingi, na tena chakula cha kumnenepesha mtoto upesi huuzidisha. Kipimo chake ni picha. Huko Marekani liko shirika lililoanzishwa mwaka 1966 kwa kazi ya kusoma picha hizo, nalo halitoi cheti kamili cha nyonga mpaka mbwa atimize miezi 24. Maana yake ni kwamba mfugaji makini huvumilia miaka miwili kabla ya kumzalisha mbwa mmoja. Mimi sikuvumilia hata kidogo.

MBWA WA JIRANI ZETU

Tangu siku ile nikaanza kusoma tena. Na katika yote niliyoyasoma, habari iliyonifundisha kuliko nyingine ilianzia karibu nasi, ng'ambo ya mpaka wetu na Kongo.

Nilipata kwenda Bundibugyo kwa shughuli nyingine, na mzee mmoja akanionyesha kengele ya mti iliyochongwa na babu yake. Nikadhani ni ya mbuzi. Akasema, "Hapana, mwanangu, hii ni ya mbwa. Mbwa wetu wa kuwinda habweki. Akiingia msituni bila kengele hutajua yuko wapi." Kumbe alikuwa akinieleza juu ya mbwa yule yule ambaye Wazungu humwita Basenji.

Ninyi msomao Kiswahili hamhitaji kamusi kulielewa jina hilo. Katika Kilingala watu husema mbwa wa "basenji", yaani mbwa wa watu wa porini, nasi kwetu husema mbwa shenzi. Jina la dharau limekuwa jina la heshima, maana leo limeandikwa katika daftari za nasaba za London na New York. Mbwa mwenyewe ni mdogo, mwepisi, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na paji la uso lina makunyanzi kama la mtu anayefikiri. Si bubu, hutoa sauti kama ya mtu anayeimba kwa koo, ila hapigi kelele za kubweka kama wengine. Hujisafisha kama paka. Na jike wake huwa tayari kwa dume mara moja tu kwa mwaka, hali majike wa jamii nyingine huwa tayari mara mbili.

Waingereza walijaribu kumpeleka kwao zamani sana. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, lakini hawakuishi. Mwaka 1936 Bibi Olivia Burn alifaulu kufikisha wengine wakakaa, na mwaka 1937 watu walisongamana katika maonyesho hayo kuwatazama. Baadaye Veronica Tudor-Williams, mfugaji aliyewapenda mno, alisafiri mwaka 1959 mpaka kusini mwa Sudani ya wakati ule kutafuta damu mpya, akarudi na jike aliyemwita Fula. Jambo la kukumbuka hapa ni idadi yao. Maelfu ya mbwa hao walioenea Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache tu waliovuka bahari.

Sasa nitaeleza kwa nini uchache huo ni hatari. Wanafunzi mlio katika darasa la elimu ya viumbe mtanisahihisha nikikosea.

Chukueni maharagwe meupe na meusi. Kila mbwa ana maharagwe mawili kwa kila sifa: moja alipewa na baba, moja na mama. Na yeye akizaa, humpa kila mtoto moja tu kati ya hayo mawili, bila kuchagua. Tuseme leupe ni zima na jeusi lina kasoro. Katika magonjwa ya namna ninayoisema, mwenye maharagwe mawili meupe ni mzima. Mwenye meusi mawili ni mgonjwa. Na mwenye leupe moja na jeusi moja haonyeshi dalili yoyote. Hukimbia, hula, hushinda vikombe katika maonyesho. Yeye tumwite mbebaji.

Mkiwapandisha wabebaji wawili, kwa wastani katika kila watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa, wawili watakuwa wabebaji kama wazazi wao, na mmoja atakuwa safi. Lakini wastani si ahadi. Kila mtoto ana nafasi tatu kwa nne za kutokuwa mgonjwa. Zidisheni robo tatu kwa robo tatu mara 6, mtaona kwamba kwa jike aliyezaa watoto 6 iko nafasi ya kama 18 kwa 100 kwamba wote watakuwa bila ugonjwa. Mfugaji ataapa mbele ya watu kwamba damu yake ni safi, wala hatakuwa anasema uongo kwa kadiri ya macho yake. Na penye wazazi wachache, kila mmoja ni binamu ya mwenzake, jeusi humkuta jeusi upesi.

KOSA ZURI

Ndivyo ilivyotokea kwa Basenji. Kwanza ulionekana ugonjwa wa upungufu wa damu. Chembe nyekundu za damu za mbwa wagonjwa zilikosa kimeng'enya kimoja cha kuzipa nguvu, zikafa kabla ya wakati wake. Mbwa walidhoofika, ufizi ukawa mweupe, wakafa wangali vijana. Katika miaka ya 1970 kilipatikana kipimo cha damu cha kumtambua hata mbebaji. Wafugaji walifurahi, wakafanya bidii ya kusifiwa: waliwapima mbwa wao, na kila aliyeonekana mbebaji wakamwondoa asizae tena. Ugonjwa ule ukapungua sana.

Nani angewalaumu? Lakini tazameni hesabu yake. Wazazi walikuwa wachache tangu mwanzo. Kwa kuwaondoa wabebaji wote, wazima na wazuri, walipunguza tena idadi ya wazazi. Na kila mbwa aliyeondolewa aliondoka na maharagwe yake mengine yote yaliyo mema.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ugonjwa wa pili ukaanza kuandikwa katika vitabu vya madaktari. Huitwa Fanconi, kwa jina la daktari wa watoto wa Uswisi. Kazi ya figo ni kuchuja damu na kurudisha mwilini vitu vyenye faida. Figo za mbwa mwenye Fanconi huviacha vitoke: sukari, chumvi na vijenzi vya nyama ya mwili humwagika katika mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukoma, hukojoa bila kukoma, hukonda, na asipotibiwa hufa. Na ubaya wake mkubwa ni wakati wake. Dalili huanza mara nyingi mbwa akiwa na miaka 4 mpaka 7, yaani baada ya kuzaa mara kadha. Kwa miaka mingi wafugaji hawakuwa na kinga ila kuuchovya ukanda wa kupimia sukari katika mkojo kila mwezi, na kuomba Mungu. Ukanda ulipobadilika rangi, wajukuu walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Hapo wafugaji waligawanyika. Wengine walisema: daftari letu la nasaba limefungwa, wala haifai kumwingiza mbwa asiyejulikana babu yake. Wengine walirudi shuleni, yaani walikaa na wataalamu wa urithi wakajifunza hesabu ile ya maharagwe. Mwaka 1987, na tena mwaka 1988, baadhi yao walisafiri kutoka Marekani mpaka kaskazini mashariki ya Kongo, ambayo wakati ule iliitwa Zaire. Waliwatafuta mbwa vijijini, kwa wawindaji wenye kengele za mti. Mwaka 1990 chama kikuu cha daftari za mbwa cha Marekani kilikubali kulifungua daftari la Basenji, na mbwa 14 wapya wakaandikwa. Kuanzia mwaka 2009 mpaka mwisho wa 2013 likafunguliwa tena kwa waliochaguliwa. Basi fikirini: mabwana na mabibi wenye vikombe vya fedha kabatini walikwenda kuomba msaada kwa mbwa shenzi wa kijijini.

Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha urithi kilichoweza kukisia ni mbwa gani mbebaji wa Fanconi, na mwaka 2011 kikafuata kipimo kinachotazama kasoro yenyewe. Siku hizi mfugaji husugua kijiti cha pamba ndani ya shavu la mbwa, hukituma kwa posta, na hupata jibu kabla ya kumzalisha.

Na hapo ndipo lilipo somo langu. Kipimo cha pili kilipokuja, wafugaji walioelimika hawakurudia kosa la kwanza. Walijua kwamba mbebaji akipandishwa kwa mbwa safi, hakuna hata mtoto mmoja atakayeugua. Kwa wastani nusu watakuwa wabebaji, na nusu safi. Basi humtumia mbebaji mwema kwa uangalifu, huwapima watoto wake, na huchagua walio safi kuendeleza nasaba. Maharagwe meusi hutoka polepole, na mema yote hubaki.

Yule mwenye elimu ya mwaka 1975 peke yake angewaondoa wabebaji wote, naye angedhani anafanya wema. Ujinga wa mvivu huonekana. Lakini elimu ya jana, iliyo kweli jana, huweza kuharibu kazi ya leo, na mwenyewe hana habari.

ADUI ASIYEKUWAPO

Pengine mtu atasema, mimi sina Basenji, nafuga mbwa wa kulinda ghala. Nami nitamwuliza habari za parvo.

Wazee waliofuga mbwa kabla ya mwaka 1978 hawakuujua ugonjwa huu, kwa sababu haukuwapo. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka ule, na kwa muda wa miaka miwili hivi vilikuwa vimezunguka dunia. Mtoto wa mbwa hutapika, huhara damu, na huweza kufa kwa siku mbili au tatu. Mfugaji aliyekuwa hodari wa magonjwa yote ya zamani alijiona mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Hata baada ya chanjo kupatikana, kujifunza hakukwisha. Mimi niliwahi kuwachanja watoto 8 kwa utaratibu niliopewa zamani, nikamaliza wakiwa na wiki 12, nikaona nimetimiza wajibu. Wakafa watano. Nilikasirika, nikasema chanjo ni maji matupu. Daktari akanieleza. Mtoto hupata kinga ya mama yake katika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kinga hiyo hupungua wiki kwa wiki, lakini si kwa kila mtoto sawasawa. Inapokuwa kubwa huimeza chanjo, isifanye kazi. Inapopungua, upo muda ambapo haitoshi kumlinda mtoto, hali bado yatosha kuizuia chanjo. Kwa hiyo miongozo ya siku hizi husema: anza mtoto akiwa na wiki 6 mpaka 8, rudia kila baada ya wiki 2 mpaka 4, wala usikome kabla hajatimiza wiki 16. Wiki nne nilizozipunguza ndizo zilizowaua wale watano.

Alinifundisha na jambo jingine. Virusi hivi huweza kukaa katika udongo miezi mingi, na sabuni peke yake haiviui. Sakafu huoshwa kwanza uchafu utoke, kisha humwagiwa jiki iliyochanganywa, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, ikaachwa dakika 10. Hayo hayakuwa katika daftari nililoligawa.

MALEZI

Neno la tatu ni fupi. Mjini kwetu wengi huamini kwamba mtoto wa mbwa akifungwa gizani, asione watu, atakuwa mkali. Mimi pia niliamini. Lakini wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza jambo hili kwa miaka mingi, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Walitumia jamii tano za mbwa, na mojawapo ilikuwa ni huyo Basenji wetu. Waliona kwamba tangu wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 12 mtoto wa mbwa huwa mlango wazi. Watu anaowazoea wakati huo atawazoea maisha yake yote. Mlango ukifungwa naye hajamwona mtu, huwa mwoga, na mbwa mwoga hung'ata bila kupambanua mwizi na mtoto wa nyumbani. Kitabu hicho kilikuwa kimekwisha kuandikwa miaka mingi kabla sijafunga mlango wa banda langu la giza. Elimu ilikuwapo, mimi ndiye sikuwapo.

NAMNA YA KUENDELEA KUSOMA

Vijana huniuliza, basi mtu mzima asome wapi, na shule amekwisha kuiacha? Nawajibu hivi.

Kwanza, aandike. Daftari langu lina tarehe ya kila kupandisha, uzito wa kila mtoto, kila chanjo, na jina la kila mnunuzi. Kumbukumbu za kichwani hupenda kutusifu. Daftari halina upendeleo.

Pili, awafuate mbwa aliowauza. Mimi huwapigia simu wanunuzi mbwa akitimiza mwaka 1, kisha miaka 3, kisha miaka 6. Habari mbaya zinazotoka huko ndizo masomo yenye thamani kuliko yote, na asiyeuliza hatazipata.

Tatu, awe na daktari wa mifugo anayeweza kumwambia, "Umekosea." Tena, kila miaka michache amwulize hata yale anayodhani anayajua: chanjo, minyoo, chakula, kichaa cha mbwa.

Nne, asimdharau mtu. Nilipata habari ya kengele ya mti kwa mzee asiyejua kusoma, na hesabu ya maharagwe kwa binti wa miaka 17 aliyekuja likizo kunisaidia kufagia mabanda. Alikuwa amelisoma somo hilo muhula ule ule. Nilimfanya mwalimu wangu kwa juma zima.

Yule mbwa wa rafiki yangu aliishi miaka 9. Kila mwezi nilileta dawa ya maumivu kwa fedha yangu mwenyewe, nasi tukabaki marafiki, ingawa kwa miaka mingi hakutamka neno juu ya kununua mbwa mwingine. Mwaka juzi alikuja bandani kwangu na mjukuu wake. Nilimtolea picha za nyonga za dume na jike, na vyeti vyao, na nasaba yao ya vizazi vitano. Alivitazama kimya. Kisha akasema, "Hizi ni za mwaka gani?" Nikamwonyesha tarehe. Akaniuliza tena, "Na tangu hapo umejifunza nini kipya?"

Nilimweleza kwa nusu saa. Hakununua siku ile. Alisema atarudi, mjukuu akishachagua jina.

Basi, ninyi mlio darasani, msigawe madaftari yenu upesi. Nanyi wazee wenzangu wa shule, mwenye kujua zaidi kuliko nilivyoandika, au mwenye kuona kosa, na aandike katika toleo lijalo. Nitasoma.